LESENI ZA PROGRAMU ZA KOMPYUTA: JINSI YA KUZITUNZA NA KUZIPIMA GHARAMA ZAKE MWAKA HADI MWAKA

Somo kwa Wajumbe wa Bodi, Mameneja na Watunza Hesabu wa Vyama vya Msingi



Waliotutangulia katika ushirika walituachia msemo usiochakaa: mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeutumia msemo huo kila tulipofundishana habari za mizani, magunia, stakabadhi, ghala na fedha taslimu. Leo vyama vyetu vina mali ya namna nyingine, isiyoonekana ghalani wala kuhesabiwa kwa magunia, nayo ni haki ya kutumia programu za kompyuta. Katika vyama vingi fedha hutoka kila mwaka, na pengine kila mwezi, kwa ajili ya haki hiyo. Lakini Meneja anapoulizwa ni leseni ngapi zilizopo, zinakwisha lini, na ni nani anazitumia, jibu lake huwa ni kuanza kupekua kabati.

Fedha hizo ni za wanachama. Zimetokana na ushuru wa mazao yao, hisa zao na riba ya mikopo yao. Kwa hiyo hazina budi kutunzwa kwa uangalifu ule ule unaotumika katika kutunza fedha za pembejeo.

1. MADHUMUNI YA SOMO

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili katika kikao, msomaji atazamiwe kuweza:

(a) kueleza leseni ya programu ni kitu gani na kutofautisha aina zake;
(b) kukisia gharama za programu kwa miaka 5, badala ya mwaka mmoja tu;
(c) kufungua na kutunza Daftari la Leseni;
(d) kuandika gharama hizo katika vitabu vya hesabu kwa njia iliyo sahihi;
(e) kuuliza maswali yanayofaa kabla ya chama kutia sahihi mkataba.

2. LESENI NI NINI?

Chama kinaponunua mizani, mizani huwa mali yake. Chaweza kuitumia, kuiazimisha, au kuiuza pindi inapochakaa. Programu ya kompyuta haiko hivyo. Aliyeitengeneza hubaki kuwa mwenye mali; chama hupewa ruhusa tu ya kuitumia kwa masharti fulani. Ruhusa hiyo ndiyo leseni. Masharti yake hutaja ni watu wangapi au kompyuta ngapi zitatumia programu, kwa muda gani, na ni mambo gani yasiyoruhusiwa.

Hapa nchini programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Kwa hiyo kunakili programu ya kuuzwa kutoka kompyuta ya jirani, au kumlipa fundi wa mtaani aifungue pasipo leseni, ni kuvunja sheria. Tena ni kujitafutia hasara. Programu iliyovunjwa kufuli haina wa kuitengeneza inapoharibika, na mara nyingi huingia ofisini pamoja na programu haribifu zinazoweza kufuta leja za wanachama au kuiba maneno ya siri. Rahisi ghali.

3. AINA ZA LESENI

Kwa matumizi ya vyama vyetu, yatosha kuzifahamu aina tatu.

Kwanza, leseni ya kudumu. Chama hulipa kwa mkupuo mara moja na kuendelea kutumia toleo lile lile bila kikomo cha muda. Hata hivyo, muuzaji wa programu za hesabu huwa na ada ya kila mwaka ya matengenezo, inayompa mteja haki ya kupata marekebisho, matoleo mapya na msaada wa fundi. Asiyelipa ada hiyo hubaki na programu yake, lakini hubaki nyuma.

Pili, leseni ya kukodi. Chama hulipa kwa mwezi au kwa mwaka, na aghalabu kwa kila mtumiaji. Malipo yakikoma, matumizi nayo hukoma. Programu nyingi za aina hii huwa katika seva za muuzaji na hufikiwa kwa njia ya intaneti, maana yake kumbukumbu za chama nazo ziko huko huko.

Tatu, leseni huria. Mwenye programu humruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili na hata kuirekebisha bila kulipa ada ya leseni. Mfano ni LibreOffice, iliyoanzishwa mwaka 2010, ambayo huandika barua na kutengeneza majedwali ya hesabu. Kwa shughuli za akiba na mikopo ipo Fineract. Watanzania si wageni katika jambo hili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Yafaa ifahamike kwamba huria haina maana ya kutokuwa na gharama. Leseni hailipiwi, lakini kusimika, kufundisha makarani na kumwita fundi hulipiwa. Kwa chama kisicho na mtu wa kuitunza, programu isiyolipiwa yaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko ile ya kulipia.

4. BIASHARA HII IMEBADILIKA

Wajumbe wengi wa Bodi hushangaa kuona kwamba kitu walichokwisha kukilipia kinadai malipo mapya. Ni vema tufahamu jinsi tulivyofika hapa.

Zamani programu zilikuja pamoja na mashine bila bei yake peke yake. Mnamo Juni 1969 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kwamba itazipangia programu bei mbali na mashine, na tangu hapo biashara ya programu ikakua kwa kasi. Kwa miaka mingi desturi ikawa kununua mara moja. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2011 Microsoft ilianza kukodisha programu zake za ofisi kwa jina la Office 365. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kuwa matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatapatikana kwa kukodi tu. Mwezi Novemba 2023 kampuni ya Broadcom iliinunua VMware, na mwezi uliofuata ikakomesha uuzaji wa leseni za kudumu za programu hizo. Mteja aliyekuwa amejipanga kwa desturi ya zamani alijikuta mbele ya mwenye duka mpya na bei mpya.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule wa Windows 10, ambayo bado imo katika kompyuta nyingi za ofisi. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa programu hiyo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Lakini marekebisho ya kuziba mianya ya usalama yalisimama, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kuendelea kuyapata. Kwa taasisi, bei iliyotangazwa ilikuwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka 3. Hebu tupige hesabu: dola 61, kisha 122, kisha 244, jumla dola 427 kwa kompyuta moja. Chama chenye kompyuta 5 kingelipa dola 2,135 kwa ajili ya kuchelewesha uamuzi tu, kwa kuwa mwisho wa miaka hiyo mitatu bado kingelazimika kubadili programu, na pengine kompyuta zenyewe.

Funzo tunalolipata ni hili: bei ya leo si ahadi ya bei ya kesho, na kila programu ina umri wake. Bodi inayopitisha ununuzi haina budi kuuliza mapema programu hiyo itatunzwa na mtengenezaji mpaka mwaka gani.

5. HESABU YA MIAKA MITANO

Kosa lionekanalo mara nyingi katika mihutasari ya vikao ni kulinganisha bei za mwaka wa kwanza peke yake. Tuchukue mfano wa chama chenye watumiaji 4 wa programu ya hesabu: Meneja, Mtunza Hesabu na makarani wawili. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia. Kila chama kitie bei zake chenyewe.

Njia ya kwanza: kununua leseni ya kudumu kwa Sh. 6,000,000, na kuanzia mwaka wa 2 kulipa matengenezo ya asilimia 20, yaani Sh. 1,200,000 kwa mwaka. Kwa miaka 5 gharama ni 6,000,000 kujumlisha 4,800,000, sawa na Sh. 10,800,000.

Njia ya pili: kukodi kwa Sh. 40,000 kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Watumiaji 4 kwa miezi 12 ni Sh. 1,920,000 kwa mwaka. Bei isipobadilika, miaka 5 ni Sh. 9,600,000. Hapa wajumbe wengi hukata shauri mara moja: kukodi ni nafuu! Lakini tuseme muuzaji anapandisha bei kwa asilimia 10 kila mwaka:

Mwaka wa 1: Sh. 1,920,000
Mwaka wa 2: Sh. 2,112,000
Mwaka wa 3: Sh. 2,323,200
Mwaka wa 4: Sh. 2,555,520
Mwaka wa 5: Sh. 2,811,072
Jumla: Sh. 11,721,792

Sasa kukodi kumezidi kununua kwa Sh. 921,792. Tena angalieni jambo hilo linatokea lini. Hadi mwisho wa mwaka wa 4, aliyekodi amelipa Sh. 8,910,720, na aliyenunua amelipa Sh. 9,600,000. Ni katika mwaka wa 5 ndipo mzani unapoinama upande wa pili. Bodi inayotazama miaka 3 tu haitaliona jambo hilo, na Bodi itakayochaguliwa baadaye ndiyo itakayobeba mzigo.

Njia ya tatu: programu huria, kwa gharama ya kusimika na mafunzo Sh. 3,000,000 mwaka wa kwanza, kisha mkataba wa fundi wa Sh. 1,500,000 kwa kila mwaka wa miaka 4 iliyobaki. Jumla ni Sh. 9,000,000.

Je, njia iliyo bora ni ipi? Hesabu hizi peke yake hazitoi jibu. Chama kichanga kisicho na Sh. 6,000,000 mkononi chaweza kuchagua kukodi, ili kisiingie katika mkopo wenye riba. Chama kilicho mahali ambapo intaneti hukatika siku nzima katikati ya msimu kitaona faida ya programu iliyomo ndani ya kompyuta zake. Chama kilicho karibu na fundi mwaminifu chaweza kufaidika na programu huria. La muhimu ni kwamba uamuzi ufanywe macho yakiwa wazi, na hesabu ya miaka 5 iambatishwe kwenye muhtasari wa kikao.

6. GHARAMA ZINAZOJIFICHA

(a) Leseni zinazolala. Hizi ni leseni zinazolipiwa lakini hazina mtumiaji. Karani amehama, jina lake halikufutwa. Vijana wa msimu wamemaliza kazi, nafasi zao zinaendelea kulipiwa. Tuseme chama kinalipia watumiaji 7 na wanaofanya kazi ni 4. Kwa bei ya mfano wetu, nafasi 3 za bure ni Sh. 1,440,000 kwa mwaka. Kama chama hicho hukata ushuru wa Sh. 50 kwa kilo, basi ushuru wa kilo 28,800 za mazao ya wanachama umekwenda kulipia viti vitupu. Mwanachama aliyebeba gunia lake kwa baiskeli hadi ghalani ana haki ya kuuliza.

(b) Mabadiliko ya thamani ya fedha. Leseni nyingine huuzwa na kampuni za nje kwa dola. Chukua leseni ya dola 900 kwa mwaka. Dola ikiwa Sh. 2,300, chama hulipa Sh. 2,070,000, dola ikifika Sh. 2,700, hulipa Sh. 2,430,000. Bei haikupanda hata senti moja, lakini chama kimeongeza Sh. 360,000. Anayetengeneza makisio aweke akiba kwa ajili ya tofauti hiyo. Kwa wauzaji waliopo nchini, chama kidai bei kwa shilingi, maana Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutajiwa bei kwa fedha za kigeni.

(c) Kujirudia kwenyewe. Mikataba mingi ya kukodi huendelea yenyewe muda unapokwisha, isipokuwa mteja ametoa notisi. Aliyesahau notisi hujikuta amefungwa kwa mwaka mwingine.

(d) Gharama za kuhama. Kutoa kumbukumbu za wanachama katika programu ya zamani na kuzitia katika mpya, kufundisha watumishi upya, na kuendesha mifumo miwili kwa pamoja mpaka mizania ikubaliane, yote hayo ni fedha. Muuzaji anajua hivyo, na ndiyo sababu huthubutu kupandisha bei kwa mteja wa zamani.

(e) Leseni iliyoandikwa kwa jina la mtu. Hili linastahili maelezo zaidi. Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi nilikuta kazi imesimama katikati ya malipo ya wakulima. Programu ilikuwa imejifunga kwa kuwa ada ya mwaka haikulipwa. Chama kilikuwa na fedha za kuilipa, ila hakuna aliyejua kwamba muda umekwisha. Leseni ilikuwa imeandikishwa kwa barua pepe binafsi ya karani aliyekwisha kuhamia mji mwingine, na barua zote za kukumbusha zilikwenda kwake. Zilipita siku 6 kabla ya chama kukubaliwa na muuzaji kuwa ndicho mwenye leseni. Siku hizo zote wakulima walikuja asubuhi na kurudi jioni mikono mitupu, na baadhi yao wakaanza kunong'ona kwamba fedha zimeliwa. Fedha zilikuwamo benki, hazikupungua. Kilichopungua ni imani, nayo hairejeshwi kwa hati ya malipo.

7. DAFTARI LA LESENI

Dawa ya mengi katika hayo tuliyoyataja ni daftari moja. Laweza kuwa la karatasi ngumu au jedwali katika kompyuta, lakini nakala iliyochapwa iwekwe katika sefu. Kila leseni iwe na mstari wake, wenye mambo yafuatayo:

1. Jina la programu na toleo lake.
2. Jina la muuzaji na namba ya mkataba.
3. Aina ya leseni: ya kudumu, ya kukodi au huria.
4. Idadi ya watumiaji au kompyuta zilizoruhusiwa.
5. Majina ya wanaoitumia kwa sasa na vyeo vyao.
6. Tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha.
7. Siku ya mwisho ya kutoa notisi.
8. Gharama, aina ya fedha, na namba ya hati ya malipo.
9. Mwaka ambao mtengenezaji ataacha kuitunza programu hiyo, kama umetangazwa.
10. Mahali zilipohifadhiwa namba za leseni na maneno ya siri.

Maneno ya siri yenyewe yasiandikwe katika daftari. Yatiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kuwekwa katika sefu chini ya sahihi za watu wawili. Barua pepe ya leseni iwe ya chama, na isomwe na watumishi wasiopungua wawili.

Kila robo mwaka, Mtunza Hesabu alilinganishe daftari na mambo matatu: orodha ya watumishi waliopo, taarifa za benki, na programu zilizomo kweli katika kompyuta. Zoezi hili katika chama kidogo halizidi saa chache. Iko faida ya ziada: programu iliyoingizwa bila idhini hugunduliwa mapema, kabla haijaleta madhara.

Siku 90 kabla ya leseni kwisha, Meneja alete taarifa kwenye Bodi. Siku 60 kabla, Bodi iamue kama chama kitaendelea, kitapunguza idadi au kitahama. Siku 30 kabla, malipo au notisi iwe imekwisha kutumwa. Mkataba ukidai notisi ya muda mrefu kuliko huo, tarehe hizo zisogezwe nyuma ipasavyo. Chama ambacho msimu wake wa ununuzi unajulikana kijitahidi kupatana na muuzaji ili leseni isiishe katikati ya msimu. Muuzaji mwenye busara hatakataa ombi hilo.

8. KATIKA VITABU VYA HESABU

Leseni ya kudumu itakayotumika kwa zaidi ya mwaka mmoja ni mali isiyoshikika. Iandikwe katika rejesta ya mali, na gharama yake igawanywe katika miaka inayotazamiwa kutumika. Leseni ya Sh. 6,000,000 itakayotumika miaka 5 itaingizwa katika matumizi kwa Sh. 1,200,000 kila mwaka. Ada ya matengenezo ni matumizi ya mwaka unaohusika.

Ada ya kukodi nayo ni matumizi, lakini yapo makosa yanayojitokeza hapa. Tuseme mwaka wa hesabu wa chama unakwisha tarehe 30 Juni, na tarehe 1 Aprili chama kimelipa Sh. 1,800,000 kwa miezi 12. Hadi tarehe 30 Juni chama kimetumia miezi 3 tu, yaani Sh. 450,000. Sh. 1,350,000 zilizobaki ni gharama zilizolipwa kabla. Zionekane katika mizania kama mali, na ziingie katika matumizi ya mwaka unaofuata. Chama kinachoziingiza zote katika mwaka mmoja huonyesha ziada iliyo ndogo kuliko ilivyo kweli, na mwaka unaofuata huonyesha ziada iliyo kubwa mno.

Katika makisio yanayopelekwa kwenye Mkutano Mkuu, gharama hizi zisifichwe chini ya kifungu cha «vifaa vya ofisi» au «mengineyo». Ziwe na kifungu chake, chenye tarakimu za mwaka uliopita, mwaka huu na mwaka ujao. Mwanachama asiyejua habari za kompyuta anaelewa vizuri sana tarakimu tatu zilizopangwa mstari mmoja.

9. KABLA YA KUTIA SAHIHI

Wajumbe wa Bodi wasione haya kumwuliza muuzaji maswali. Yafuatayo yaulizwe, na majibu yaandikwe katika mkataba, kwa kuwa ahadi ya mdomo haishiki:

(a) Bei itaweza kupanda kwa kiasi gani kila mwaka, na tutajulishwa siku ngapi kabla?
(b) Je, twaweza kupunguza idadi ya watumiaji baada ya msimu na kuiongeza tena?
(c) Mkataba ukikoma, tutapewa kumbukumbu zetu zote kwa namna inayoweza kufunguliwa na programu nyingine, na kwa gharama gani?
(d) Malipo yakichelewa, tutapewa siku ngapi kabla ya kufungiwa, na je, tutaendelea kusoma leja zetu hata kama hatuwezi kuingiza jipya?
(e) Nakala za akiba zinafanywa mara ngapi, na zinatunzwa wapi?
(f) Taarifa za wanachama zinatunzwa na nani na katika nchi gani? Swali hili lina uzito wa kisheria tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.
(g) Fundi atapatikana kwa Kiswahili, na atafika au kujibu kwa muda gani wakati wa msimu?

Swali la (c) ndilo mama wa yote. Mwanachama ni wa chama, na leja yake ni ya chama. Muuzaji asiyeweza kueleza jinsi chama kitakavyoondoka na kumbukumbu zake huyo anataka mateka, wala hatafuti mteja. Chama kisingoje siku ya ugomvi. Kila mwezi kitoe salio za wanachama wote kutoka katika programu, kizihifadhi mahali pengine, na kuchapa jumla zake kwa ajili ya jalada.

Tusisahau pia nguvu yetu ya asili. Chama kimoja chenye watumiaji 4 hakina sauti mbele ya muuzaji. Vyama 30 vyenye mahitaji ya aina moja, vikizungumza kwa pamoja kupitia Chama Kikuu, vitasikilizwa katika habari za bei, mafunzo na masharti. Wakulima waliungana kuuza mazao yao kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna linalotuzuia kuungana katika kununua leseni.

10. WAJIBU WA KILA MMOJA

Mkutano Mkuu hupitisha makisio na una haki ya kuelezwa. Bodi huamua aina ya programu na mkataba, ikiwa na hesabu ya miaka 5 mezani. Meneja husimamia Daftari la Leseni na tarehe zake. Mtunza Hesabu hulilinganisha daftari na vitabu kila robo mwaka. Kamati ya Usimamizi, pale ilipo, huchukua majina machache kutoka katika daftari na kuhakikisha kwamba watu hao wapo na wanafanya kazi. Mtumishi anayeondoka asikabidhiwe barua yake ya mwisho mpaka jina lake limeondolewa katika kila leseni na barua pepe za chama zimerudishwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Chama chenu kina leseni ngapi, na ngapi kati yake zina mtumiaji? Hesabuni thamani ya zile zinazolala kwa kilo za mazao.

2. Chukueni programu moja mnayoitumia na mpige hesabu ya miaka 5, kwanza bei ikiwa haibadiliki, kisha ikipanda kwa asilimia 10 kila mwaka. Matokeo yanabadili maoni yenu?

3. Programu yenu ya hesabu ikifungwa kesho asubuhi, je, mnaweza kumweleza kila mwanachama salio lake? Kutoka wapi?

4. Leseni zenu zimeandikishwa kwa barua pepe ya nani?

5. Chama kimelipa Sh. 2,400,000 tarehe 1 Januari kwa miezi 12, na mwaka wake wa hesabu unakwisha tarehe 30 Juni. Onyesheni kiasi cha kuingiza katika matumizi na kiasi cha kupeleka mbele.

Majibu ya swali la 4 yasipokuwa «ya chama», kikundi kisivunje kikao mpaka kimeandika ni nani atakayelirekebisha jambo hilo, na kwa tarehe gani.